Upote wa Upinde: Tusihesabu Nyuzi Kabla ya Kufikiri

Wahenga walisema kwamba kamba hukatikia pembamba. Methali hii ni ya kweli kwa kamba ya kisimani na kwa kamba ya kufungia mbuzi. Lakini upo ugwe mmoja ambao haufuati sana neno hili la wahenga, nao ni upote, yaani ule ugwe unaofungwa katika ncha mbili za upinde. Upote aghalabu hukatikia kwenye kitanzi kinachovikwa nchani, au katikati, pale mkia wa mshale unapokaa. Mahali hapo pawili ndipo penye unene kuliko kwingine kote, kwa sababu fundi huongeza nyuzi kwenye vitanzi na huzungushia uzi mwingine katikati ili kuzuia msuguano. Upote, basi, hukatikia panene.

Jambo hili dogo linastahili kufikiriwa na mwalimu wa fizikia na wanafunzi wake. Linatuonyesha kwamba nguvu ya kitu haitegemei unene tu, bali hutegemea pia jinsi kitu hicho kinavyopindwa, kinavyosuguliwa na kinavyogawana mzigo ndani yake. Kwa maoni yangu, upote wa upinde ni miongoni mwa vifaa bora vya kufundishia elimu ya mata, nguvu na nishati katika shule zetu za sekondari. Ni kifaa cha bei ndogo, na mkononi mwa mtu asiyefikiri ni kifaa cha hatari. Hatari hiyo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya.

Wale wanaoanza mchezo wa kulenga shabaha kwa upinde hupewa jedwali. Jedwali linasema hivi: ikiwa upote utatengenezwa kwa nyuzi za poliesta ziitwazo Dacron, basi upinde wenye uzito wa kuvuta wa ratili 25 hadi 35 upewe nyuzi 10, wa ratili 35 hadi 45 upewe nyuzi 12, wa ratili 45 hadi 55 upewe nyuzi 14, na ulio mzito kuliko huo upewe nyuzi 16. Ratili moja ni karibu gramu 454, na uzito wa kuvuta maana yake ni kani inayohitajika ili kuuvuta upinde hadi mwisho wa mvuto wake.

Jedwali hilo ni sahihi. Limetokana na uzoefu wa mafundi wengi, nami sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni na tabia ya kulikariri bila kuliuliza swali. Mtu aliyekariri jedwali hujiona salama, mpaka siku atakapopata uzi wa aina nyingine au upinde wa namna nyingine. Hapo ndipo huangukia katika moja ya makosa mawili. Ama husema, "Nyuzi zikizidi, usalama huzidi," na kuongeza nyuzi ovyo. Ama husema, "Kilicho kipya ndicho bora," na kununua uzi wenye nguvu kuliko zote dukani. Kauli zote mbili zinasikika kuwa za busara, na zote mbili zaweza kumpotosha.

HESABU YA KUKATIKA

Hebu tuanze na swali ambalo kila mtu huliuliza kwanza: je, upote utakatika?

Mshale unapoachiwa, mikono miwili ya upinde hukimbia mbele kwa kasi, kisha husimamishwa ghafla na upote uliokwisha kunyooka. Katika kitambo hicho kifupi mno mkazo wa upote hupanda na kuwa mara kadhaa ya ule uliokuwapo wakati wa kuvuta. Kwa sababu hiyo mafundi wa zamani walijiwekea kanuni kwamba upote uweze kubeba walau mara nne ya uzito wa kuvuta wa upinde.

Tuchukue upinde wa ratili 40, yaani kama kilo 18. Mara nne yake ni kilo 72. Uzi mmoja wa Dacron wa kutengenezea upote hukatika kwa mzigo wa ratili 50 hivi, yaani kama kilo 22. Gawanya 72 kwa 22, nawe utapata 3.3. Kwa kanuni ya mafundi, basi, nyuzi nne zatosha!

Lakini jedwali linadai nyuzi 12, ambazo kwa jumla zaweza kubeba kilo 264, karibu mara 15 ya uzito wa upinde. Je, waliotunga jedwali walikuwa waoga kupita kiasi? La hasha. Jawabu ni kwamba jedwali halikutungwa kwa ajili ya kuzuia kukatika peke yake. Mwanafunzi akiigundua siri hiyo kwa hesabu yake mwenyewe, amejifunza zaidi kuliko yule aliyekariri majedwali kumi.

HESABU YA KUNYUMBUKA

Kila ugwe hunyumbuka unapovutwa. Poliesta hurefuka kama asilimia 12 hivi kabla ya kukatika. Tukikadiria kwa urahisi kwamba urefukaji huongezeka sawasawa na mzigo, twaweza kulinganisha pote mbili zenye urefu wa sentimita 165, zikibeba kilo 18 kila moja.

Upote wa nyuzi 12 unabeba karibu asilimia 7 ya mzigo wa kuukata. Utarefuka kwa asilimia 0.8, yaani zaidi kidogo ya sentimita 1.3. Upote wa nyuzi nne unabeba zaidi ya asilimia 20 ya mzigo wa kuukata. Utarefuka kwa asilimia 2.4 au zaidi, yaani kama sentimita 4.

Huo wa pili haujakatika, wala hauko karibu kukatika, lakini haufai. Ugwe unaorefuka namna hiyo hubadili umbali kati ya kishikio cha upinde na upote. Umbali huo ukibadilika, mshale huondoka mapema au huchelewa, na hauendi mahali ulipokwenda ule wa kwanza. Tena, nishati iliyotumika kuunyumbua upote hairudi yote kwa mshale. Juu ya hayo, ugwe uliokazwa sana kwa muda mrefu hurefuka polepole pasipo kurudi tena katika urefu wake wa awali. Kwa hiyo zile nyuzi nane za ziada hazikuwekwa kwa ajili ya kuongeza nguvu tu. Zimewekwa ili upote ubaki na urefu ule ule leo, kesho na wiki ijayo.

Sababu ya tatu ni unene. Mkia wa mshale una pengo linaloshika upote. Pengo likiwa pana kwa upote, mshale huanguka kabla ya kufyatuliwa. Likiwa jembamba, mshale hung'ang'ania na kuchelewa kuondoka. Kipimo cha walengaji ni rahisi: tundika mshale kwenye upote ukielekea chini. Unapaswa kubaki ukining'inia, kisha uanguke unapougonga upote kidogo kwa kidole. Mara nyingi idadi ya nyuzi huamuliwa na pengo hilo la milimita chache kuliko inavyoamuliwa na hesabu yoyote ya nguvu.

KWA NINI BASI NYUZI ZISIZIDISHWE?

Ikiwa nyuzi nyingi huzuia kunyumbuka, kwa nini tusiweke 30? Kwa sababu upote nao una uzito, na uzito huo hauna budi kusukumwa.

Wanafizikia wa Marekani, Clarence Hickman na Paul Klopsteg, walioichunguza elimu ya upinde katika miaka ya 1930 na 1940, walilieleza jambo hili kwa ufasaha. Upote unapokimbia mbele, sehemu yake ya katikati huenda kwa kasi ya mshale, lakini sehemu za nchani huenda polepole zaidi. Ukijumlisha nishati ya mwendo ya sehemu zote, utaona kwamba upote ni kama mzigo wa ziada juu ya mshale, wenye tungamo sawa na theluthi moja ya tungamo la upote mzima. Mikono ya upinde nayo hudai sehemu yake.

Tutoe mfano. Mshale una gramu 25. Tuseme mikono ya upinde inadai gramu 5. Upote wa gramu 7 unadai theluthi yake, gramu 2.3. Jumla ni gramu 32.3, na mshale unapata 25 katika 32.3 ya nishati, yaani asilimia 77. Tukiweka upote mwepesi wa gramu 4, jumla inakuwa gramu 31.3, na mshale unapata asilimia 80 hivi. Kasi hufuata kipeo cha pili cha nishati kwa kinyume, yaani kipeuo chake. Hivyo mshale uliokwenda mita 50 kwa sekunde sasa utakwenda karibu mita 50.8.

Tofauti hiyo ni chini ya asilimia 2. Yaonekana ndogo, lakini tuiangalie kwenye shabaha iliyo mbali kwa mita 50. Tukiacha ukinzani wa hewa, mshale wa kwanza hutumia sekunde moja kufika, na kwa muda huo mvuto wa dunia huushusha kwa mita 4.9. Wa pili hufika mapema kidogo na hushuka kwa mita 4.75. Tofauti ni sentimita 15 kwenye shabaha.

Watu wawili waweza kuusoma mfano huu kwa namna mbili. Mmoja atasema, "Tazama faida ya upote mwepesi!" Mimi nasema tazama hatari ya upote usiotulia. Mlengaji aweza kuirekebisha shabaha yake kwa upote mzito, kwa sababu uzito wake haubadiliki kutoka mshale hadi mshale. Hawezi kuirekebisha kwa upote unaorefuka kidogo kidogo alasiri nzima. Kasi ni kitu kizuri, lakini uthabiti ni bora kuliko kasi; na kila anayechagua upote inafaa aanze na uthabiti.

NYUZI HAZIGAWANI MZIGO SAWASAWA

Liko jambo jingine ambalo jedwali halilitaji. Tunaposema nyuzi 12 za kilo 22 zinabeba kilo 264, tunadhani kwamba kila uzi umekazwa sawa na mwenzake. Katika mikono ya mwanadamu haiwi hivyo. Daima utakuwapo uzi mfupi kidogo, nao ndio utakaobeba zaidi.

Tuseme uzi mmoja ni mfupi kwa asilimia 1. Ikiwa upote ni wa poliesta, ambayo hurefuka asilimia 12 kabla ya kukatika, uzi huo mfupi utarefuka kidogo zaidi ya wenzake, nao watamfikia na kumsaidia. Kosa la fundi limesamehewa. Lakini ikiwa upote ni wa kitani, ambacho hukatika kinaporefuka asilimia 2 au 3 tu, basi ile asilimia 1 ni sehemu kubwa ya uhai wake. Uzi mfupi utakatika kwanza, mzigo wake utawaangukia wenzake, na upote mzima waweza kwenda kwa mfululizo huo.

Ndiyo sababu mafundi waliotumia nyuzi za mimea walisokota upote wao na kuupaka nta ya nyuki. Msokoto huzibana nyuzi pamoja, na msuguano huufanya uzi uliolegea uwasaidie wale waliokazwa. Hata hivyo msokoto ukizidi, upote huwa kama springi na hunyumbuka ovyo. Hapa tena hatuongozwi na kanuni ya "zaidi ndiyo bora", bali na kiasi.

KUTOKA KITANI HADI POLITHINI

Historia ya nyuzi za upinde kwa karne hii iliyopita ni historia fupi ya kemia yenyewe. Hadi Vita Kuu ya Pili walengaji wa Ulaya na Marekani walitumia zaidi kitani na katani laini. Mwaka 1941 wakemia wawili wa Uingereza, John Rex Whinfield na James Tennant Dickson, walivumbua nyuzi za poliesta. Huko Marekani zikapewa jina la Dacron, na baada ya vita zikaenea haraka katika mchezo wa upinde. Hazikuwa nyepesi sana wala ngumu sana, lakini zilidumu, hazikuharibiwa na maji, na zilisamehe makosa ya fundi.

Mwaka 1965 mkemia Stephanie Kwolek wa kampuni ya DuPont aligundua njia iliyoleta nyuzi za aramidi, zijulikanazo kwa jina la Kevlar. Nguvu yake kwa uzito ni kubwa kuliko ya chuma cha pua, na hairefuki hata asilimia 4. Walengaji wa mashindano waliikimbilia katika miaka ya 1970, nao wakapata kasi. Lakini aramidi haistahimili kupindwa na kunyooshwa mara nyingi, na mwanga wa jua huidhoofisha. Pote zake zilikuwa zikikatika ghafla, bila dalili, kwenye kitanzi au penye mkia wa mshale, hata ikawalazimu walengaji kuhesabu mishale waliyofyatua ili wabadili upote kabla haujakatika wenyewe. Uzi wenye nguvu nyingi ulikuwa na maisha mafupi kuliko ule ulioshindwa nao kwa nguvu.

Kisha ikaja polithini ya molekuli ndefu mno. Mwaka 1979, katika maabara ya kampuni ya DSM huko Uholanzi, Paul Smith na Piet Lemstra walionyesha njia ya kuivuta polithini kutoka katika hali ya utelezi hadi iwe nyuzi zenye molekuli zilizonyooka karibu zote upande mmoja. Nyuzi hizo, zinazouzwa kwa majina kama Dyneema na Spectra, ni nyepesi hata huelea majini; zina nguvu kubwa, na tofauti na aramidi, zinavumilia kupindwa. Ndizo zinazotawala katika mashindano hivi leo. Lakini nazo zina kasoro: zikiachwa chini ya mkazo hurefuka polepole, na joto huzidisha kasoro hiyo, maana huyeyuka kwenye nyuzijoto 150 hivi wakati poliesta huyeyuka juu ya 250. Watengenezaji wengine huzichanganya na nyuzi za aina nyingine, kama Vectran, ili kuzuia urefukaji huo.

Mwanafunzi atauliza: je, nyuzi hizi zenye nguvu kubwa hutumika chache? Mara nyingi upote wake huwa na nyuzi 16 hadi 20, zaidi ya ule wa Dacron! Nguvu yake inapita mbali mahitaji ya upinde. Lakini kila uzi ni mwembamba, na pengo la mkia wa mshale linahitaji kujazwa. Hapa hoja ya kukatika imetoweka kabisa, na unene na uthabiti ndivyo vinavyoamua.

UPINDE WA ZAMANI, UPOTE WA KISASA

Sasa nafika kwenye lile la hatari nililolitaja mwanzoni. Shule au klabu yaweza kupewa pinde za zamani, za mbao au za mbao na nyuzi za kioo, zilizotengenezwa wakati upote ulikuwa wa kitani au Dacron. Mtu mwenye nia njema husema, "Tuziwekee upote bora wa kisasa." Upote wa polithini haunyumbuki. Mikono ya upinde inapofika mwisho wa safari yake, husimamishwa kwa kishindo ambacho poliesta ingalikipunguza kwa kunyumbuka kwake. Tena upote huo ni mwembamba, na wembamba wake huweza kukata mbao kwenye ncha kama uzi unavyokata sabuni. Ufa mdogo ukianza nchani, siku moja mkono wa upinde hupasuka karibu na uso wa mvutaji.

Wako wanaosema kwamba tatizo ni wembamba wa kitanzi tu, na kwamba ukikinenepesha kitanzi kwa nyuzi za ziada, hatari huondoka. Hoja hiyo ina uzito, na walengaji wengi hufanya hivyo kwa mafanikio. Lakini kwa upinde wa shule, ambao hakuna anayejua historia yake, sioni faida gani ya asilimia 2 ya kasi inayoweza kulipia jicho la mtoto. Ikiwa mtengenezaji hakusema wazi kwamba upinde unastahimili nyuzi za kisasa, uwekewe Dacron. Wala asitokee mtu wa kuweka mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki. Nailoni hurefuka asilimia 15 na zaidi kabla ya kukatika, na upote wake hautulii hata kwa mishale mitano.

Ieleweke pia kwamba upote unaokatika wakati wa kufyatua huweza kuuvunja upinde. Nishati iliyokuwa iende kwa mshale hukosa pa kwenda na hubaki katika mikono ya upinde. Kwa sababu hiyo hiyo ni mwiko kuuvuta upinde na kuuachia bila mshale.

WALIOTUTANGULIA

Yasidhaniwe haya kuwa ni maarifa ya viwandani tu. Mwaka 1545 Mwingereza Roger Ascham alitoa kitabu chake Toxophilus juu ya elimu ya upinde, na humo alikwisha kueleza kwamba upote mnene una usalama na utulivu lakini ni mzito wa mwendo, na mwembamba ni kinyume chake. Mwaka huo huo meli ya kivita Mary Rose ilizama karibu na Portsmouth. Mabaki yake yalipoinuliwa mwaka 1982, zilikwisha patikana humo pinde zaidi ya 130 na mishale zaidi ya 3,000. Pote zilikuwa zimeoza, lakini mapengo kwenye mikia ya mishale yana upana wa milimita 3 hivi. Kutokana na pengo hilo twajua unene wa upote usioonekana tena.

Wataalamu wanakisia kwamba pinde nyingi kati ya hizo zilikuwa na uzito wa kuvuta wa ratili 150 hivi. Mara nne yake ni ratili 600, yaani karibu nyutoni 2,670. Upote wa milimita 3 una eneo la milimita mraba 7. Kila milimita mraba ilibidi ibebe nyutoni 380! Kitani kizuri au katani laini yaweza kufikia hapo, lakini si kitani chochote wala si kwa mkono wa fundi yeyote. Hesabu hiyo ya mistari mitatu inatufundisha heshima kwa mafundi ambao majina yao hayakuandikwa.

Na hapa kwetu? Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi husokota pote zao kwa kano za wanyama. Wawaata wa upande wa Tsavo nchini Kenya, waliokuwa wakiitwa Waliangulu, walivuta pinde za zaidi ya ratili 100, zilizoweza kulinganishwa na zile za Waingereza wa kale. Kano hunyumbuka zaidi kuliko kitani na huvumilia kupindwa, ingawa hulegea inapolowa. Nayo mimea ya jamii ya mkonge wa porini, iitwayo na wataalamu Sansevieria, iliwapa watu wengi wa Afrika nyuzi za pote, hata kwa Kiingereza jina lake maana yake ni katani ya pote za pinde. Huu si mkonge wa mashambani. Ule ulitoka Marekani na kuletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, ambapo kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa ilinusurika 62 tu.

Sisemi hayo ili turudi kwenye kano. Nasema hivi: mtu aliyechagua kano badala ya gome, na akajua isokotwe mara ngapi na ihifadhiwe vipi wakati wa mvua, alikuwa akijibu maswali yale yale ya nguvu, unyumbukaji, uzito na uthabiti. Hakuwa na jedwali la dukani, bali alikuwa na jaribio.

TUFANYE NINI SHULENI?

Napendekeza jaribio lisilohitaji fedha. Wanafunzi wakusanye nyuzi za aina nne: pamba, katani ya mkonge, mshipi wa nailoni na uzi wa poliesta wa cherehani. Kila uzi ukatwe kwa urefu wa mita moja, ufungwe kwenye boriti, na chini yake itundikwe ndoo ndogo iliyo karibu na sakafu, juu ya sanduku la mchanga. Maji yamiminwe kidogo kidogo. Lita moja ni kilo moja. Wapime urefukaji kwa kila nusu lita, wachore grafu, na waandike mzigo wa kukatika na mahali uzi ulipokatikia. Wasimame kando na walinde macho.

Kisha warudie kwa nyuzi tatu pamoja, kwanza zikiwa zimenyooka, halafu zikiwa zimesokotwa. Je, nyuzi tatu zinabeba mara tatu ya uzi mmoja? Warudie tena kwa uzi wenye fundo. Wailoweshe pamba na kuipima. Wengi watashangaa kuona kwamba pamba iliyolowa ina nguvu kuliko iliyo kavu. Mwisho wapewe upinde wa kubuni wa ratili 30, nao waamue wenyewe: uzi gani, nyuzi ngapi, na kwa sababu zipi.

Baada ya hapo, na si kabla, waonyeshwe jedwali. Watakaopata nyuzi nne watauliza kwa nini jedwali linataka kumi. Mwalimu asiharakishe kuwajibu. Awaulize upote wao ungerefuka sentimita ngapi, na awaachie kalamu.